KUTOKA LUGULU HATA MTO CHINDWIN

Habari za askari wa miguu aliyeitwa vitani bila ya kuulizwa

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikwisha mwaka 1945. Vijana waliotoka katika mashamba ya Lugulu, baina ya Kitale na Bungoma, wakaenda kupigana katika nchi ambazo hata majina yao hawakupata kuyasikia, walirudi wakawa watu wazima, kisha wazee, na wengi wao wamekwisha kufariki. Katika nyumba nyingine yamebaki majina ya Burma na Uhabeshi yakitajwa na wajukuu wasiojua nchi hizo ziko upande gani wa dunia. Katika nyingine imebaki nishani moja ndani ya sanduku, wala hapana anayejua iliwekwa kwa ajili ya kazi gani.

Basi leo tunataka kueleza kwa utaratibu mtu wa namna ile alikuwa nani, aliandikwaje, alipelekwa wapi, alifanya nini, na alilipwa nini. Hatumsemi mtu mmoja kwa jina lake. Tunasema njia waliyoipita wengi.

NCHI ILIYOKWISHA KUIJUA BUNDUKI

Wabukusu hawakuanza kujua vita vya Wazungu mwaka 1939. Karibu na Lugulu, juu ya mji wa Webuye, kuna kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Waingereza, ambalo ndani yake walikuwamo askari Wasudani na watu wa Buganda, liliwapiga Wabukusu kwanza katika boma la Lumboka, na halafu katika boma la Chetambe. Mikuki na ngao za ngozi hazikuweza kushindana na bunduki. Watu wengi walikufa, na nchi ikaingia katika utawala.

Miaka saba baadaye, yaani tarehe 1 Januari 1902, vikosi mbalimbali vya Waingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati viliunganishwa vikawa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya. Miongoni mwa askari wake wa kwanza walikuwamo Wasudani wa Uganda, wenzao wale waliopanda Chetambe. Hivyo mwana wa Lugulu alipovaa kofia ya Keya, alivaa vazi la jeshi ambalo baba yake au babu yake alilikimbia.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, toka mwaka 1914 hata 1918, wengi walioitwa kutoka magharibi ya Kenya hawakuitwa kushika bunduki bali kuchukua mizigo. Hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, na jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu watolewe kwa nguvu, na mwaka 1917 wakakusanywa kwa wingi kuliko zamani zote. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa, wala si kwa risasi. Vita ilipokwisha, mwaka 1919 serikali iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliostaafu, na mengi ya mashamba hayo yalikuwa katika Trans Nzoia, kuzunguka Kitale. Wapagazi hawakugawiwa shamba. Wazee wa Lugulu waliyaona mambo hayo kwa macho yao, na hawakuyasahau ilipokuja vita ya pili.

JINSI WATU WALIVYOANDIKWA

Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujeremani tarehe 3 Septemba 1939. Hapo kwanza vita ilikuwa mbali. Lakini tarehe 10 Juni 1940 Wataliani nao waliingia, na kwa kuwa walikuwa wakitawala Uhabeshi na Somalia, ghafula adui akawa mpakani mwa Kenya. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Wataliani waliuzunguka mji wa Moyale, na askari wa Keya wakalazimika kuutoka usiku.

Siku zile Lugulu ilikuwa katika wilaya ya North Kavirondo, na ofisi ya Bwana D.C. ilikuwa Kakamega. Kanuni zilizotolewa mwaka 1940 zilimpa Gavana uwezo wa kuziagiza wilaya zitoe watu wa utumishi wa kijeshi. Hesabu ilitoka Nairobi ikafika kwa Bwana D.C., naye akawagawia machifu, na chifu akawagawia maliguru, na liguru ndiye aliyejua ni nyumba ipi yenye kijana mwenye nguvu. Katika maandiko ya serikali, wengi wa waliovaa kofia ya Keya waliitwa watu waliojitolea, na amri ya lazima ilisemwa zaidi kwa watu wa kazi za jeshi, wale waliochimba barabara na kupakia mizigo. Lakini katika kijiji mambo hayakuwa wazi namna hiyo. Kijana alipoambiwa na chifu aende akaonekane na daktari wa jeshi, huku askari kanga wamesimama mlangoni, kujitolea kwake kulikuwa kwa namna gani?

Tena yako mambo mengine yaliyomsukuma. Toka mwaka 1942 serikali iliruhusu watu waandikwe kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, ya katani na ya vyakula. Basi kijana aliyeona kwamba hana budi kutwaliwa, alipima mwenyewe: afadhali jembe la mtu mwingine kwa mshahara mdogo, au bunduki ya Serikali kwa mshahara uliozidi kidogo, pamoja na nguo, nyama na blanketi? Wengi walichagua bunduki. Huko ndiko kuchagua kwa mtu ambaye milango miwili imefungwa akaachiwa wa tatu.

Lugulu palikuwa na jambo jingine la kutia moyo mashaka. Marafiki, yaani Wakristo wa Quaker kutoka Marekani, walifika Kaimosi mwaka 1902, wakafungua vituo vingine katika nchi ya Waluhya, na Lugulu kikawa kimoja cha vituo hivyo. Mafundisho ya Marafiki toka karne ya 17 ni kwamba Mkristo hapigani vita. Kule Uingereza na Marekani, Rafiki aliyekataa kushika silaha aliweza kwenda mbele ya baraza akaeleza dhamiri yake, na wengi walipewa kazi ya kuhudumia wagonjwa. Kijana wa Lugulu aliyesoma katika shule ile ile ya Marafiki hakuulizwa kitu na liguru juu ya dhamiri yake.

Wako waliokataa kwa sauti. Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye zamani alisifika kwa mchezo wa mpira hata akaichezea Kenya, na ambaye aliwahi kuwa mtu wa Marafiki, aliongoza watu kupinga amri za serikali, pamoja na kuandikwa kwa lazima. Mwaka 1945 alikamatwa akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Baadaye dini yake, Dini ya Msambwa, ilipigwa marufuku mwaka 1948, naye akahamishiwa Lamu, asirudi mpaka mwaka 1961. Twamtaja hapa ili msomaji ajue kwamba kule kukubali kwa wengine hakukuwa kwa sababu hapana aliyefikiri kukataa. Watu waliona gharama ya kukataa.

KURUTA

Kutoka Lugulu mpaka kituo cha gari la moshi cha Broderick Falls, ambacho leo ni Webuye, ni maili chache tu kwa miguu. Hapo ndipo wengi walipoagana na mama zao. Gari likapita Eldoret na Nakuru likashuka Nairobi, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kulala nje ya nchi yao.

Katika kambi, kuruta alinyolewa, akapewa namba, akafundishwa kwata toka alfajiri. Alijifunza kuifungua bunduki na kuifunga tena amefumba macho, kutambaa kifudifudi, kuchimba handaki, na kutumia bunduki ya rashasha. Alikaa katika kombania moja na Mkamba, Mnandi, Mjaluo na Mgiriama. Kabla ya vita wakubwa wa Keya walipenda zaidi Wakamba na makabila ya Wakalenjin, wakiwaona ndio wapiganaji kwa asili. Hitaji la watu lilipozidi, wazo hilo liliwekwa kando, ikaonekana kwamba mwana wa mkulima yeyote aweza kuwa askari mzuri akifundishwa vema.

Lugha yao ilikuwa Kiswahili, ingawa kilikuwa Kiswahili cha kambini kisichopendeza masikio ya watu wa pwani. Wengi walijifunza pia kusoma na kuandika, kwani jeshi lilikuwa na walimu wake, na magazeti ya Kiswahili yalichapishwa kwa ajili ya askari. Mtu aliyeondoka nyumbani akitia alama ya kidole gumba alirudi akiweza kuandika barua. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, wala haifai kuificha.

Lakini haifai pia kuficha upande wa pili. Katika jeshi la Waingereza wenyewe adhabu ya viboko ilifutwa mwaka 1881. Katika Keya iliendelea muda wote wa vita. Mshahara wa Mwafrika ulikuwa chini ya ule wa Mzungu wa cheo kile kile, na cheo cha juu alichoweza kukitumaini kilikuwa cha worantofisa. Hata akiwa hodari namna gani, alimpigia saluti luteni kijana aliyefika jana.

UHABESHI NA BUKINI

Waliotangulia kuandikwa walikwenda kaskazini. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi chini ya Jenerali Cunningham, yaani ya Afrika ya Mashariki, ya Afrika ya Magharibi na ya Afrika ya Kusini, yalivuka jangwa kutoka Kenya. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25. Tarehe 6 Aprili waliingia Addis Ababa. Katika muda wa miezi miwili hivi walikuwa wamekwenda mamia mengi ya maili, kwa lori na kwa miguu, katika vumbi na kiu ya Somalia na halafu katika baridi ya milima ya Uhabeshi. Mvua ilipoanza wakapigana tena katika nchi ya maziwa, kusini ya Addis Ababa. Mji wa mwisho wa Wataliani, Gondar, ulianguka tarehe 27 Novemba 1941, na askari wa Afrika ya Mashariki walikuwapo.

Mwaka 1942 brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa katika kisiwa cha Bukini, ambacho ni Madagascar, kwa kuhofu kwamba Wajapani wangekitia mkononi. Walishuka Majunga tarehe 10 Septemba, wakaingia Tananarive tarehe 23. Njiani adui alikuwa ameangusha miti na kurundika mawe barabarani, na madaraja yamevunjwa, hata kazi ya askari ikawa zaidi ya shoka na koleo kuliko ya risasi. Mapigano yalikoma mwanzo wa Novemba.

BAHARI

Kisha vita ikageuka mashariki. Wajapani walikuwa wametwaa Malaya, Singapore na Burma, wakawa mlangoni mwa Bara Hindi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1943 ikafundishwa vita vya msituni katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na batalioni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na moja ya Rhodesia ya Kaskazini.

Kwa mtu wa Lugulu, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni mto Nzoia wakati wa mafuriko, bahari ilikuwa tisho kwa nafsi yake. Na tisho lile halikuwa la bure. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldive, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo makombora mawili. Ilizama kwa muda wa dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa, na waliookoka hawakuzidi 214. Ni mojawapo ya misiba mikubwa kabisa iliyopata kuwafikia askari wa Afrika ya Mashariki kwa siku moja, nayo ni watu wangapi leo wanaoijua?

BONDE LA KABAW

Katikati ya mwaka 1944 jeshi la Wajapani lilijaribu kuingia Bara Hindi kwa njia ya Imphal na Kohima, likashindwa. Wajapani wapatao 30,000 walikufa katika jaribio hilo, kwa vita, njaa na maradhi. Waliobaki walirudi nyuma kuelekea mto Chindwin. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliazimu kuwafuata hata katika masika, wakati ambapo majeshi yote hapo zamani yalisimama. Kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw ilipewa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki.

Wakati huo ulikuwa mwezi wa Agosti. Katika nchi ya Bukusu Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa taabu, yaani wa 2, 4, 6, ndio msimu wa tohara. Wavulana hupita nyumba kwa nyumba wakipiga njuga za chuma, na kila mtu mzima hutazamiwa awepo kumsimamia mdogo wake. Kaka zao wa mwaka 1944 walikuwa bondeni, matope yakiwafikia magotini.

Watu waliliita bonde lile bonde la mauti. Mvua haikukatika. Malori yalizama mpaka mhimili, na askari wakakata magogo kuyalaza barabarani yapate kupita. Mahali ambapo lori halikupita, mtu alibeba mwenyewe risasi, chakula, koleo na blanketi lililolowa. Chakula kiliangushwa kwa ndege, na mawingu yaliposhuka ndege hazikuja. Malaria ilikuwa nyingi hata askari waliamriwa kumeza vidonge vya mepakrini kila siku mbele ya mkubwa wao, na ngozi ikabadilika rangi ikawa ya manjano. Tena kulikuwa na homa ya tifasi iletwayo na vidudu vidogo vya majani. Maradhi yaliondoa watu wengi kuliko risasi.

Na risasi zilikuwapo. Mjapani aliyerudi nyuma hakukimbia. Alijichimbia katika kila kilima na kila pindo la njia, akangoja. Msituni mtu haoni hatua kumi mbele. Kikosi cha doria hutembea kimya, wa mbele akitazama chini na juu ya miti, na mara nyingi jambo la kwanza kujulikana ni mlio wa bunduki na mwenzi kuanguka. Usiku hapana taa wala moto. Kazi hii ya kwenda mbele pole pole, kilima baada ya kilima, ndiyo kazi ya askari wa miguu, wala haina sifa ya kusimuliwa kama mashambulio makubwa.

Tarehe 13 Novemba 1944 walikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 karibu na Kalemyo, na tarehe 2 Desemba wakaitwaa Kalewa, penye kivuko cha Chindwin. Mafundi wa jeshi wakajenga daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, ambalo siku ile lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya namna yake duniani. Lilikwisha tarehe 10 Desemba, na juu yake Jeshi la 14 likavuka kwenda kuikomboa Burma. Rangoon ilitwaliwa mwezi wa Mei 1945. Magazeti ya ulimwengu yalisifu kuvuka kule. Waliofungua njia kwa miezi minne ya matope walirudishwa Bara Hindi kupumzika.

NYUMBANI

Wakati huo wote Lugulu haikukaa kungojea tu. Kazi ya mume ilimwangukia mke. Kulima, kupalilia, kujenga ghala, kumlipia kodi mzee asiyekuwa na nguvu, yote yakawa juu yake na juu ya watoto. Sehemu ya mshahara wa askari iliweza kulipwa kwa jamaa zake, lakini fedha ile haikupalilia wimbi.

Mwaka 1942 mvua zilikuwa haba, na mwaka 1943 njaa ikaenea katika sehemu nyingi za Kenya. Serikali ilikuwa imeanza kutawala biashara ya mahindi mwaka 1942. Mlowezi wa Trans Nzoia aliwekewa bei iliyothibitishwa tangu mwanzo na yenye kuzidi ile ya Mwafrika. Basi gunia la mahindi lililotoka upande mmoja wa mpaka wa Kitale na gunia lililotoka upande wa pili hayakuwa na thamani moja, ingawa yalilisha jeshi moja, na mwana wa mwenye gunia la bei ndogo alikuwa ndani ya jeshi hilo. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

KURUDI

Wajapani walikubali kushindwa mwezi wa Agosti 1945. Kuwarudisha watu nyumbani kulichukua muda mrefu, hata mwaka 1946, kwa sababu meli zilikuwa chache. Kenya peke yake ilikuwa imetoa Waafrika wapatao 98,000 kwa utumishi wa kijeshi wa namna zote.

Askari aliachishwa kazi akapewa cheti, nguo za kiraia, na bahashishi ya vita. Juu ya bahashishi hii yafaa kusema wazi. Mwaka 2019 waandishi wa habari walionyesha hati ya serikali ya Uingereza ya wakati ule, iliyoeleza kwamba askari wa Kizungu wa cheo cha chini aliyekuwa akikaa katika koloni za Afrika alipaswa kupewa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo kile kile shilingi 3 na senti 50. Tofauti ile haikuwa kosa la karani. Iliandikwa ikatiwa sahihi.

Tena kama mwaka 1919, serikali ilifanya mpango wa kuwapa askari wa Kizungu mashamba katika nchi ya juu. Mwafrika alipewa nafasi ya kujifunza kazi, wengine katika shule ya Jeanes kule Kabete, na wengine wakatumia akiba yao kufungua duka, kununua kinu cha kusagia, au kusomesha watoto. Wako waliokuwa madereva, makarani, walimu na polisi. Wako pia waliorudi na maswali. Walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa na kulia kama mtu mwingine, na walikuwa wamesikia Wahindi wakiudai uhuru wao. Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyepigana Burma, alipata baadaye kujulikana kwa jina la Jenerali China katika vita vya Mau Mau. Bildad Kaggia, naye mtu wa jeshi, alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta. Kenya ilipata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963.

MAJINA

Sasa twafika katika jambo lenyewe tulilokusudia. Mtu akiuliza, "Yule aliyekwenda kwa lazima, je, anastahili heshima ya askari?" wako wanaojibu upesi kwamba hapana, kwa sababu vita haikuwa yake. Na wako wanaojibu kwamba ndiyo, na ya nini kutaja habari za liguru na viboko? Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yanamwonea. La kwanza lamnyima kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Kwani katika bonde la Kabaw mwenzi wake aliyejeruhiwa hakubebwa na Gavana, alibebwa na yeye. La pili lamnyima ukweli wa jinsi alivyotwaliwa. Heshima kamili ni kuyasema mambo yote mawili kwa pamoja.

Lakini heshima yahitaji jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, hawakukumbukwa kwa namna sawa na wenzao. Tena wengine wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wengi sana miongoni mwa hao. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwaka huo huo. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 zawakumbuka askari na wapagazi, lakini hazina majina yao.

Waliokufa katika Vita ya Pili walipata bahati iliyozidi. Majina ya wengi wasiokuwa na kaburi linalojulikana yamechongwa katika ukumbusho wa Rangoon, uliomo katika makaburi ya Taukkyan nchini Burma, ambayo sasa ni Myanmar, na katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, uliomo katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Orodha ya Tume hiyo yaweza kutafutwa bila malipo katika intaneti, kwa jina au kwa namba ya askari. Jina laweza kuwa limeandikwa vibaya, kwani karani wa jeshi aliandika kama alivyosikia. Basi litafutwe kwa tahajia zaidi ya moja.

Kwa waliorudi hai, hapana jiwe. Daftari lao ni nyumba zao. Nishani za vita ile, kama nyota ya Burma na nyota ya Afrika, aghalabu hazikuchorwa jina la mwenyewe; kitu kiunganishacho nishani na mtu ni cheti chake cha kuachishwa kazi. Karatasi ile ikiliwa na mchwa, nishani inabaki kuwa kipande cha chuma tu. Kwa hiyo mwenye cheti cha babu yake na akipige picha, anakili namba na jina la batalioni, na kuyaweka mahali pawili. Mwenye mzee au bibi anayekumbuka, na amwulize sasa: aliondoka mwaka gani, nani alimwita, alishuka meli katika mji gani, nani walikwenda pamoja naye wasirudi. Aandike hata yale yasiyopatana, pamoja na tarehe na jina la msemaji.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa ndivyo kwa mbuzi na magunia ya mahindi, basi ni zaidi kwa watu. Wale vijana waliandikwa mara moja katika daftari la chifu, kwa ajili ya kutwaliwa. Inafaa waandikwe mara ya pili na watoto wao.